Chuma na Mti: Hoja kwa Ajili ya Fundi Asiyetajwa

Yapo makosa ya hukumu ambayo hupita katikati ya wasomi bila kusimamishwa, kwa sababu yamevaa nguo za heshima. Moja katika hayo ni lile lisemalo kuwa gitaa lililofanywa kwa mkono ni kazi ya mti peke yake, na kwamba kila kipande cha chuma kilichomo ni mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi. Nimelisikia kosa hili darasani, katika mijadala ya sanaa za mikono, kwa vinywa vya vijana wenye akili. Nimelisikia pia kwa watu wazima wenye shahada. Asemaye hivyo hudhani kuwa anautetea mkono wa binadamu dhidi ya kiwanda. Nami nakusudia kuonyesha kuwa hautetei mkono hata kidogo: anaukata mkono mmoja ili apate kuusifu wa pili.

Gitaa nisemalo hapa si kila gitaa. Ni lile la uso wa mbinuko, ambalo tumbo lake la mbele si ubao bapa, bali limetolewa katika vipande vinene vya mti wa sprusi vilivyounganishwa katikati, vikachongwa kwa patasi na randa ndogo, nje na ndani, mpaka uso ukainuka kama uso wa fidla. Mgongo wake huchongwa vivyo hivyo katika mti wa mepoli. Asili yake ni Marekani. Orville Gibson alipata hati ya haki ya uvumbuzi wake wa ala za kuchonga mwaka 1898, na kampuni yenye jina lake ikaanzishwa mjini Kalamazoo mwaka 1902. Mwaka 1922, katika siku za Lloyd Loar, kampuni hiyo ilitoa gitaa liitwalo L-5, la kwanza lake kutobolewa matundu mawili ya umbo la herufi f badala ya tundu moja la duara. Miaka kumi baadaye, mwaka 1932, John D'Angelico, mzaliwa wa New York mwenye asili ya Kiitalia, alifungua karakana yake katika mtaa wa Kenmare. Humo alifanya, kwa mikono yake na ya wasaidizi wachache, magitaa zaidi ya 1,100, hata mauti yalipomkuta mwaka 1964. Tusemapo gitaa la mbinuko lililofanywa kwa mkono, jina lake huja ulimini kabla ya majina mengine, wala si kwa upendeleo.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu kwa haki, maana hoja isiyosikilizwa haikushindwa. Wanasema mambo matatu. La kwanza, kwamba sauti ya gitaa hutoka katika mti, na chuma hakina kazi ila kuuzuia mti usiseme. La pili, kwamba vyuma hununuliwa kiwandani, na kitu cha kununua hakiwezi kuwa sehemu ya kazi ya mkono. La tatu, ambalo ndilo lenye uzito, kwamba James D'Aquisto, mwanafunzi wa D'Angelico mwenyewe na mrithi wa karakana yake, alikiondoa chuma katika magitaa yake kidogo kidogo, na alipokiondoa kazi yake ikazidi kusifiwa. Basi, wasema, mwanafunzi alihukumu, na hukumu yake yatosha.

Nianze na la kwanza. Na tulifanye jaribio ambalo wapinzani wetu hawajalifanya: tuvitoe vyuma vyote katika gitaa, tuone kitakachobaki.

Tutoe kwanza nyuzi, maana nazo ni chuma. Nyuzi sita zikikazwa hadi kimo chake cha kawaida huvuta kwa nguvu inayopata uzito wa kilo 70 hivi, na nyuzi nene huvuta zaidi. Uso wa mbinuko ulichongwa kwa ajili ya mzigo huo. Mbinuko hubeba kama tao la mlango libebavyo ukuta. Ondoa nyuzi za chuma, na ile taabu yote ya kuchonga tao imekosa sababu.

Tutoe kishikio cha nyuzi kilichopo mkiani. Katika gitaa la uso bapa nyuzi hufungwa katika daraja, na daraja limegandishwa kwa gundi. Katika gitaa letu daraja halikugandishwa. Limesimama juu ya uso kwa miguu yake, nalo hushikwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Nyuzi zenyewe hupita juu yake, zikashuka hadi katika kishikio kilichofungwa mwisho wa gitaa. Pembe ya kushuka huko ndiyo iamuayo ni nguvu kiasi gani itakayougandamiza uso. Pembe ikiwa kali mno, uso huelemewa. Ikiwa ndogo mno, daraja hulegea na sauti hupwaya. Urefu wa kishikio, uzito wake na kimo chake ni sehemu ya sauti kama ulivyo unene wa ubao. Asemaye kuwa kishikio ni pambo hajapata kukitazama kikifanya kazi.

Tutoe mashine za kukazia nyuzi. Udi wa waimbaji wetu wa taarabu hutumia vigingi vya mti, na vigingi hivyo vyautosha udi, kwa sababu nyuzi zake ni laini na mvuto wake ni mdogo. Lakini uzi wa chuma ni mkaidi. Kuuzungusha kwa nywele moja kupita kiasi ni kuuharibu ulinganifu. Ndiyo maana gitaa hili lina parafujo ndogo iliyolala juu ya gurudumu la meno. Lenye uwiano wa 14 kwa 1, mpigaji huzungusha kitufe mara 14 ili nguzo ya uzi izunguke mara moja. Mkono wa kawaida hupewa hivyo usahihi usio wa kawaida, na uzi hauwezi kurudi nyuma wenyewe.

Tutoe sasa zile nyaya fupi zinazovuka shingo, ambapo kidole huutafuta kila mwimbo. Nyaya hizi hufanywa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao watu huuita fedha ya nikeli ingawa hakuna chembe ya fedha ndani yake. Umbali wa kila waya hupatikana kwa kugawa urefu wa uzi uliobaki kwa 17.817, kisha kinachobaki hugawanywa tena, na tena, hadi mwisho wa shingo. Halafu fundi hupasua mifuo kwa msumeno mwembamba, hupigilia nyaya, huzisawazisha kwa tupa, huziviringa vichwa moja moja na kuzing'arisha. Makosa ya upana wa karatasi hugeuka kuwa kelele. Nami nauliza: ni kazi gani katika gitaa zima idaiyo mkono mtulivu kuliko hii? Na kazi hii ni ya chuma tangu mwanzo hata mwisho. Kumbe mchonga mti tumsifuye ni mfua chuma pia, ila sisi hatukumtazama alipokuwa ameshika tupa.

Mwisho, tutoe fimbo iliyofichwa ndani ya shingo. Shingo ya mti huvutwa na nyuzi usiku na mchana, na mti ni kiumbe kichokacho. Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kampuni ya Gibson, alipata hati ya haki mwaka 1923 kwa fimbo ya chuma ambayo hukazwa kwa nati ikairudisha shingo iliyoinama. Yeye huyo alipata nyingine mwaka 1921 kwa daraja linaloinuliwa na kushushwa kwa magurudumu mawili madogo ya chuma. Vitu hivi viwili vimeingia katika magitaa ya viwanda na ya mafundi wa pekee, na vingali vinatumika hata leo. Wangapi katika wanafunzi wetu wa sanaa wanalijua jina la McHugh? Wanalijua jina la Loar, nao wafanya vyema kulijua; lakini gitaa la Loar lilisimama wima kwa fikira za mwenzake.

Jaribio letu limekwisha. Tumeutoa uzi, kishikio, mashine, nyaya na fimbo, na kilichobaki mbele yetu ni sanduku zuri la mti, lililonyamaza. Uzuri wake haupungui; lakini si ala ya muziki.

Nije katika hoja ya pili, ya vyuma vya kununuliwa. Ni kweli kwamba D'Angelico hakukaa kukata meno ya magurudumu. Gitaa lake maarufu liitwalo New Yorker lilipewa mashine za Grover zenye vitufe vya ngazi-ngazi, na kishikio chake cha nyuzi nacho kilipanda kwa ngazi, kama majumba marefu yaliyokuwa yakiinuka katika mji huo. Jengo la Chrysler lilikamilika mwaka 1930, na kilele chake kimevikwa chuma kisichoshika kutu. Jengo la Empire State likafuata mwaka 1931. Juu ya kichwa cha gitaa lile alipachika picha ya jumba refu kwa lulumizi. Basi mtu aliyechagua ngazi zile hakuwa amekosa vyuma vingine. Alikuwa anausemesha mji wake. Aliutia mtaa katika mti, na lugha aliyotumia ilikuwa ya shaba iliyochovywa dhahabu.

Lakini, watasema, kuchagua si kufanya. Nami nawarudisha pwani kwa kitambo kidogo. Wazee wetu walikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi. Kisha wakawa na jahazi, chombo kilichopigiliwa misumari. Je, yupo nahodha aliyekataa kuliita jahazi kazi ya mkono wa fundi kwa sababu misumari ilitoka kwa mhunzi? Seremala hakuufua msumari, lakini alijua ni msumari upi, mahali gani, na kwa pigo la namna gani, ubao usipasuke. Elimu hiyo ndiyo ufundi. Na mhunzi naye, aliyekuwa mbali na bahari akiupiga msumari juu ya fuawe, alikuwa baharini kila siku tanga lilipotwekwa. Kazi ya mkono si kazi ya mkono mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hafanyi gitaa.

Hapa ndipo lilipo jambo ninaloliona kuwa zito kuliko muziki wenyewe. Jina la D'Angelico limepachikwa kichwani mwa gitaa. Jina la kiwanda cha mashine limepigwa muhuri nyuma yake. Lakini jina la mtu aliyesimama mbele ya chombo cha kukatia meno, akayapima, akayatupa yaliyokosa na kuyapokea yaliyotimia, halikuandikwa popote. Usahihi wake ndio unaomfanya mpigaji akae saa nzima jukwaani bila kulegea kwa uzi. Tukisema kuwa kazi ya huyu si kazi ya mkono, tumesema kuwa mkono ni mkono pale tu wenye nao anapokuwa na jina. Hiyo si elimu ya sanaa. Ni ubwana uliovaa joho la elimu.

Hoja ya tatu ni ya D'Aquisto, nami siikwepi. Alizaliwa mwaka 1935, akaingia uanagenzi kwa D'Angelico mwaka 1952, akairithi kazi baada ya mwaka 1964, na akafariki mwaka 1995 akiwa na miaka 59, umri ule ule aliofia mwalimu wake. Kwa miaka mingi alifuata nyayo za mwalimu. Kisha akaanza kupunguza. Kishikio cha shaba alikibadili kwa kishikio cha abunusi. Mapambo aliyaondoa moja baada ya moja, hata magitaa yake ya mwisho yakawa kama mtu aliyevua mapete yote ili aoshe mikono. Mabadiliko hayo yalikuwa ya maana, na wasikiao vizuri husema kuwa kishikio chepesi huupa uso uhuru wa kutetema kwa namna nyingine. Sina ugomvi nao.

Lakini tazama alichoondoa na alichobakiza. Kishikio kilikuwa chuma kizito, naye akaona kuwa uzito ule hauitumikii sauti aliyoitaka, akaubadili. Je, aliziondoa nyaya za shingoni? Hakuziondoa. Je, alirudi katika vigingi vya mti? Hakurudi. Je, alifunga nyuzi za utumbo? Hakufunga. D'Aquisto hakuvifukuza vyuma kwa kuwa ni vyuma. Alikiuliza kila kipande swali moja: wafanya kazi gani hapa? Kilichojibu kilibaki; kilichonyamaza kilitoka. Na mti nao aliuuliza vivyo hivyo, kwa maana alipunguza pambo la mti kama alivyopunguza la chuma. Wapinzani wetu wamemwona mwamuzi akitoa hukumu juu ya mshitakiwa mmoja, wakaenda sokoni kutangaza kuwa ukoo mzima umehukumiwa.

Nisije nikaeleweka kuwa nakitetea kila chuma. Wako pia watu wa upande wa pili, nao wanastahili fimbo yao. Hawa ni wale wapimao gitaa kwa mng'ao. Wakiona dhahabu husema ni bora. Wakiona nakshi nyingi husema ni ghali, na kwao ghali na bora ni neno moja. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu, na katika gitaa hata kilicho dhahabu ni utando mwembamba juu ya shaba, ambao jasho la kiganja huufuta kwa miaka michache. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Epiphone ilitoa kishikio chenye pembe mbili zisizolingana urefu, kikapewa jina la kuvutia, Frequensator, na madai makubwa juu ya sauti za nyuzi nene na nyembamba. Ni chuma kizuri kwa macho. Lakini jina lake hupiga kelele kuliko nyuzi zake. Biashara ikishika patasi, chuma huwa tangazo, na mti nao huwa tangazo.

Tena wapenzi wa mti na wasikie jambo moja ambalo wahifadhi wa ala wanalijua sana. Katika magitaa ya zamani, kingo na kibao cha kuulinda uso vilifanywa mara nyingi kwa seluloidi. Dutu hiyo ikizeeka huoza, hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo huvila vyuma vilivyo karibu: parafujo hushika kutu ya kijani, dhahabu hubabuka, nguzo huharibika. Mtazamaji asiyejua hukiona chuma kimeoza, akasema, "Tazama, chuma hakidumu kama mti." Kumbe chuma kimeuawa na jirani, na sasa kinashitakiwa kwa kifo chake mwenyewe. Ndivyo zilivyo hukumu zetu nyingi.

Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilifanya maonyesho ya mafundi wa asili ya Kiitalia, D'Angelico, D'Aquisto na John Monteleone, na magitaa yao yakawekwa chini ya dari ile ile inayohifadhi kazi za mabwana wa rangi na marmari. Nalifurahia jambo hilo, maana kazi ya karakana ilipata kiti ilichostahili. Lakini heshima ikifika mahali pamoja na kusimama, huwa dhuluma kwa waliobaki nyuma yake. Tulipoanza kumsifu mchongaji, tulikuwa tunaivunja dhana ya zamani iliyosema kuwa sanaa ni ya mchoraji na mshairi tu, na fundi ni mtumishi. Tukiishia kwa mchongaji, tumehamisha ukuta, hatukuubomoa. Zamani ulisimama kati ya mchoraji na seremala, leo umesimama kati ya seremala na mhunzi.

Hili linatuhusu sisi wa vyuo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu sisi ndio tuandikao majina. Mwanafunzi aandikapo tasnifu juu ya ala yoyote, iwe gitaa la New York au chombo kingine kilichokusanya mikono mingi, huwa na tabia ya kutafuta mtu mmoja wa kumtundikia taji. Ni tabia rahisi, kwa sababu mtu mmoja ana tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, na picha ya kutia katika ukurasa. Lakini urahisi si ushahidi. Naomba, na ninapoomba nadai, kwamba atakayeandika juu ya ala aifungue kwanza. Atazame kilichofungwa kwa parafujo kama atazamavyo kilichochongwa. Aulize kila kipande kilitoka wapi, kilifanywaje, na kwa kazi gani. Pale ambapo jina limepotea, aseme waziwazi kuwa limepotea, asilifunike pengo hilo kwa jina la mtu mwingine. Kukiri kuwa fundi fulani hajulikani ni heshima kwake. Kumfanya kana kwamba hakuwapo ni kumzika mara ya pili.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Gitaa la mbinuko lina mvuto wa kilo 70 usiopumzika, nao huutafuta udhaifu kila siku ya maisha yake. Lipo gitaa la miaka 80 na zaidi ambalo bado linapigwa, na kama halijakatika popote, maana yake ni kwamba hapakuwa pabovu: si katika tao la mti, si katika jino la gurudumu, si katika fimbo iliyo gizani mwa shingo ambayo msikilizaji hataiona kamwe. Mti umeshika ahadi yake, na chuma kimeshika yake. Anayeusifu mmoja kwa kumtukana mwenzake hajaisikia sauti ya wote wawili, ingawa amekaa kiti cha mbele.